Daftari Uwanjani

Wahenga walisema kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Maneno hayo yaliwahusu wenye maduka na majahazi, na kwa muda mrefu haikudhaniwa kuwa yangeweza kuwafaa wachezaji wa kandanda. Mchezo ulikuwa jambo la macho na moyo: mtazamaji alisifu au alilaumu, kisha akarudi nyumbani na kumbukumbu yake. Lakini kumbukumbu ni mtunza hazina asiye mwaminifu. Huhifadhi bao moja la ajabu, ikatupa makosa mia.

Charles Reep wa Uingereza hakuridhika na mtunza hazina huyo. Alikuwa ofisa wa Jeshi la Anga aliyejifunza kazi ya uhasibu. Tarehe 18 Machi, 1950, alipokuwa akitazama mchezo wa Swindon Town, alitoa kalamu na daftari katika kipindi cha pili, akaanza kuandika kila shambulio: lilianzia wapi, lilipita miguu mingapi, na liliishia wapi. Mwaka uliofuata klabu ya Brentford, iliyokabiliwa na hatari ya kushushwa daraja, ilipokea shauri lake, ikasalimika. Mwaka 1968 yeye na Bernard Benjamin walitangaza matokeo ya kazi hiyo ndefu katika jarida la chama cha wataalamu wa takwimu wa nchi yao.

Daftari lilionyesha kuwa takriban mabao manane katika kila kumi yalitokana na mashambulio ya pasi tatu au pungufu. Reep akahukumu kuwa pasi nyingi ni kupoteza wakati; mpira na upelekwe mbele upesi. Hukumu hiyo ilipata wafuasi miongoni mwa walimu wa kandanda, na mchezaji aliyependa kuutuliza mpira alihesabiwa mtu wa anasa.

Hesabu ilikuwa sahihi, lakini hukumu ilikuwa na kasoro. Katika daftari lile lile, zaidi ya mashambulio tisa katika kila kumi hayakuvuka pasi tatu. Na achukuliwe mtu mwenye minazi 90 mifupi na 10 mirefu. Mifupi ikimpa nazi 800 na mirefu 200, je, aikate mirefu kwa sababu nazi nyingi zimetoka katika mifupi? Akigawanya, ataona kuwa kila mnazi mfupi humpa nazi zisizofika tisa, na kila mrefu humpa 20. Reep alihesabu nazi, akasahau kuhesabu minazi. Wala haifuati kuwa wingi wa pasi peke yake huleta ushindi, maana timu hodari ndiyo iwezayo kuzipiga.

Reep alifariki mwaka 2002. Mwaka huo huo, huko Marekani, klabu ya besiboli ya Oakland Athletics ilishinda michezo 20 mfululizo, ingawa mishahara yake ilikuwa midogo sana mbele ya ile ya matajiri wa New York. Siri yake ilikuwa kununua sifa zilizodharauliwa sokoni, kama vile subira ya mpigaji anayefika kituo cha kwanza bila kuupiga mpira.

Hekima hiyo ilirudi Brentford. Mwaka 2012 klabu iliingia mikononi mwa Matthew Benham, mshabiki wake wa tangu utotoni, aliyesoma fizikia na kutajirika kwa hesabu za kamari. Watu wake hawakuishia kuhesabu mabao, kwa kuwa mabao ni machache na bahati huyachezea. Walipima ubora wa kila nafasi: mkwaju uliopigwa karibu na lango hupewa uzito mkubwa kuliko uliopigwa kwa mbali, hata kama yote miwili imekosa. Hivyo timu iliyofungwa yaweza kujulikana kuwa ilicheza vema. Ollie Watkins alinunuliwa mwaka 2017 kutoka daraja la nne, akauzwa mwaka 2020 kwa takriban paundi milioni 28. Mwaka 2021 Brentford ilirejea daraja la juu baada ya miaka 74.

Lakini hesabu hiyo hiyo, mwaka 2016, ilikuwa imefunga shule ya vijana ya klabu, kwa kuwa gharama yake ilizidi faida. Klabu iliifungua tena mwaka 2022. Katika safu za daftari kila kijana alikuwa tarakimu. Nyumbani kwao alikuwa tumaini la wazazi. Je, safu gani ingeandikwa huzuni ya mtoto aliyeambiwa avue jezi?

Daftari ni shahidi mwema, asiyepokea rushwa wala kupendelea jina kubwa. Limewainua wachezaji waliopuuzwa na macho ya wakubwa, na klabu maskini zilizoambiwa hazina haki ya kutamani. Lakini shahidi si kadhi. Hujibu lile aliloulizwa tu, na swali likiwa pungufu, jibu la kweli laweza kumpoteza msikilizaji kwa miaka mingi. Ndiyo maana kila tarakimu inayotangazwa uwanjani yataka mtu wa kuuliza: imegawanywa kwa nini, na ni nani asiyehesabiwa?