Uzi wa Chini

Nguo za marehemu zina utaratibu wake. Hitma ikishasomwa kabati hufunguliwa, wanawake wa ukoo huketi mkekani, madera yakatolewa sadaka, doti ambazo hazijakatwa zikagawanywa, zilizochakaa zikaenda kuwa matambara. Hata madeni yana utaratibu: hutangazwa kabla jeneza halijainuliwa, na mwenye kudai ajitokeze. Kazi ambayo marehemu ameiacha katikati haina utaratibu wowote. Hakuna shehe wala shangazi atakayekuambia vipande vilivyokatwa na havijaungwa ni mali ya nani.

Mama yangu aliacha mfarishi. Ni blanketi dogo la viraka, la kufunika magoti, ambalo mtu yeyote aliyeishi Lushoto anaijua thamani yake mwezi wa Juni na Julai, ukungu unaposhuka na baraza ikawa haikaliki bila kitu miguuni. Aliushona kwa khanga zake mwenyewe, kwenye cherehani yake ya Butterfly ya kukanyaga kwa miguu. Sehemu kubwa ya upande wa juu alikuwa ameshaiunga. Vilivyobaki alivipanga mafungu mafungu na kuvifunga kwa uzi. Sindano aliiacha imezama kwenye kitambaa, mguu wa cherehani umeshushwa, maana ndivyo fundi anavyofanya akiinuka kidogo kuitikia hodi, ili mshono usihame. Safari ile alipoinuka alikuwa anapelekwa hospitali.

Kwa vipimo vyake haufai kitandani, na kwa mtoto mchanga ni mkubwa mno. Baba anaamini ulikuwa wake. Mama mdogo ana hakika ulikuwa wake yeye, kwa sababu ndiye aliyelalamikia magoti. Mimi sijui, na hilo ni jambo nililokuwa silitarajii katika msiba: kwamba pamoja na mtu huondoka majibu ya maswali madogo kabisa, yale ambayo ungeyauliza huku unamenya ndizi na kuyasahau papo hapo. Ulikuwa unamshonea nani, mama? Swali jepesi namna hiyo, na sasa hapana mtu duniani wa kulijibu.

Niliuacha ulivyo muda mrefu. Jamaa walidhani naumia kuutazama. Ukweli ni kwamba kuutazama kulinifariji. Sindano ikiwa bado imesimama pale, mama alikuwa ameinuka tu. Kazi yenyewe ilitoa ushahidi kwamba mwenyewe anarudi. Unyevu wa milimani haukushiriki imani hiyo. Nilipokuja kuinua ule mguu, sindano ilikuwa imeshika kutu na kuacha nukta ya hudhurungi kwenye ua jeupe la khanga. Nimeiacha nukta ile ilipo.

Kabla ya kushona nilivifungua vile vipande nivijue. Kisutu cha harusi yake, chenye wekundu na weusi wake. Khanga ya kiwanda cha Urafiki, kile kilichojengwa Dar es Salaam kwa msaada wa China na kuanza kazi mwaka 1968. Pamba yake nzito, imefuliwa mpaka imekuwa laini kama ngozi ya sikio. Khanga ya mbeleko iliyombeba mdogo wangu wa mwisho, imepauka mahali pamoja tu, pale ambapo kichwa chake kilikuwa kikilala mgongoni. Kila mtu anajua khanga ina pindo, ina mji, ina jina. Mama alitumia pindo, akatumia mji. Majina yote aliyakata na kuyatia kwenye mfuko wa rambo, mistari mirefu ya maneno iliyokunjwa vizuri. Nadhani alifanya hivyo kwa sababu jina la khanga lina mlengwa: jirani, wifi, mume. Maishani mwake alivaa maneno mengi ya kuwaambia watu. Kwenye kitu hiki hakutaka kumwambia mtu neno.

Vipande vile vilinikumbusha mfarishi mwingine. Mwaka 1942, huko Gee's Bend, kijiji cha wajukuu wa watumwa katika jimbo la Alabama, Marekani, mwanamke aitwaye Missouri Pettway alifiwa na mumewe. Alichukua nguo za kazi za marehemu, zile za shambani zilizopauka kwa jua, akazikata, na kwa msaada wa binti yake Arlonzia akazishona kuwa mfarishi. Binti alieleza baadaye kwamba mama yake alitaka kumkumbuka mumewe na kulala chini ya nguo zake. Mwaka 2002 kazi za wanawake wa kijiji kile zilianza kuonyeshwa katika majumba makubwa ya sanaa, kuanzia Houston, zimetundikwa ukutani. Ni haki yao. Ila mimi hushikilia lile neno la kulala chini yake. Marekani hiyohiyo kuna mfarishi wa ukumbusho wa waliokufa kwa UKIMWI, uliotandazwa mara ya kwanza Washington tarehe 11 Oktoba 1987, ukiwa na vipande 1,920. Kila kipande kina futi tatu kwa sita, karibu sawa na kaburi. Leo vipande ni takriban 50,000, uzito wake tani 54, na haujakamilika. Hakuna anayeweza kujifunika ule. Umeshonwa ili nchi iliyokuwa inageuza uso ilazimike kutazama. Wa Missouri Pettway ulishonwa ili mjane asipate baridi. Nilipofikiria hivyo niliona wa mama ni wa aina gani, na kwamba kuuweka kabatini ni kuunyima kazi yake.

Basi nikakaa kwenye kiti chake. Nilibadilisha sindano, nikaweka namba 16, maana nilijua mbele kuna unene. Uzi wa juu ulikuwa umebaki kidogo, na mweusi wa aina ile sikuupata dukani. Nikanunua wa rangi ya damu ya mzee. Chini sikugusa. Bobini ilikuwa na uzi mweusi ambao mama aliujaza mwenyewe.

Cherehani hushona kwa nyuzi mbili. Sindano hushuka na uzi wa juu. Inapoanza kupanda, uzi hulegea ukafanya kitanzi chini ya bamba, na ndoana iliyopo pale hukidaka kitanzi hicho na kukipitisha kwenye uzi wa bobini. Nyuzi hufungana katikati ya kitambaa. Uzi wa juu peke yake haushiki kitu: vuta ncha, unatoka wote. Kwa hiyo kila nilipokanyaga, uzi wangu ulikuwa unafungwa na uzi wake. Nilishona polepole kuliko kazi ilivyotaka.

Bobini ikiisha, cherehani haitoi taarifa. Sauti ni ileile, sindano inapanda na kushuka, kitambaa kinasogea. Ukigeuza ndipo unaona matundu matupu na vipande havijashikana. Niligeuza. Siku ya mazishi sisi wanawake tulibaki nyumbani wakati jeneza linakwenda makaburini, na sanda ya mama, iliyokatwa kwa mkono bila kupita kwenye cherehani, sikuiona ikishushwa. Hapo kwenye cherehani ndipo niliposhuhudia mwisho. Nililia mpaka baba akaja mlangoni, akasimama, akarudi zake.

Halafu nilijaza bobini kwa uzi wangu. Yaliyofuata ni ya ufundi: blanketi kuukuu katikati, bitana ya marekani chini, piga bandi tabaka zote tatu, kisha ushone ukianzia kati kwenda pembeni ili mikunjo isukumwe nje. Ule mshono wenye weusi wake na damu yangu ya mzee sasa umefunikwa kwa ndani. Hatauona mtu.

Mama mdogo alipokuja aliupindua kwanza, akakagua mgongo, ndivyo wanavyofanya wanaojua kushona.

"Ufue kabla haujatumika, mwanangu. Maji ya baridi na chumvi, wekundu wa kisutu unatoka."

"Mama mdogo, bado una harufu ya udi wake."

"Najua. Ufue."

Niliufua. Harufu ilikwenda, na nimeililia hiyo nayo. Sasa upo miguuni mwa baba jioni, na mama mdogo akija anaupokea bila kuomba. Najua kisutu kitatoboka kabla ya vingine, kilikuwa kimeshavaliwa sana kabla hakijakatwa. Vipande vya kuzibia ninavyo, ila ni vile vya kwenye mfuko wa rambo tu.