Masalio ya Nyuzi

Vipo vitu duniani ambavyo watu huviona kila siku wasivitazame. Kimoja ni kipande cha uzi kilichosalia baada ya kazi kwisha. Hakitoshi kufumia hata soksi ya mtoto mchanga, wala hakina uchafu wa kumkera mtu. Basi hufagiwa pamoja na vumbi, na habari zake huishia hapo. Nataka kukueleza, msomaji, kwamba katika mji wa Machakos nimeona habari za kipande hicho zikianzia penye fagio, na kwamba uzi wa namna hiyo ulininunulia madaftari na viatu vya shule.

Machakos iko juu, kadiri ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, chini ya vilima vya Iveti. Mgeni anayedhani kuwa Ukambani kote ni jua na mavumbi hushangaa mwezi wa Julai, ukungu unapotanda asubuhi na watoto wanapokwenda shule mikono yao imejificha ndani ya mikono ya sweta. Kwa sababu ya baridi hiyo, na kwa sababu kila shule ina rangi yake, mafundi wa sweta hawakosi kazi mjini. Fundi huketi mbele ya mashine yake, akausukuma mkono wake huku na huku, kikatoka kipande cha kifua, kisha cha mgongo, kisha mikono miwili. Kila abadilipo rangi ili kutia mistari ya shingoni, uzi hukatwa, na kinachobaki huanguka chini. Mwezi wa Desemba, shule zinapokaribia kufunguliwa, kinachoanguka hujaza gunia.

Mama yangu mdogo alikuwa akipita kwa fundi mmoja kila mwisho wa juma. Alikuwa akibisha hodi na kuuliza, "Fundi, takataka yangu ipo?" Naye hujibu, "Ipo, mama, karibu uichukue." Hapakuwa na fedha kati yao. Mama mdogo alimfagilia chumba chote, na alichokifagia kikawa chake. Sijaona biashara nyingine ambayo pande zote mbili zilijiona zimepata faida kwa fagio moja.

Nyumbani tuliyamwaga masalio juu ya mkeka, tukayachambua. Rangi zilikuwa za shule: damu ya mzee, kijani cha chupa, buluu iliyokaribia weusi, kijivu, na mara chache manjano. Kwa hiyo blanketi lililotoka mikononi mwake lilisomeka kama orodha ya shule zote za jirani, na sisi watoto tulipolala tuligombania upande wa shule tulizotamani kwenda. Nyuzi zenyewe tuliziita sufu, ingawa nyingi ya nyuzi hizo hazijui kondoo. Ni akriliki, ambayo asili yake ni mafuta ya ardhini. Jina la sufu limeng'ang'ania, wala sioni dhara yake, ila moja nitakalolitaja mbele.

Kazi aliyoifanya ni kroshia, yaani kufuma kwa sindano moja yenye kulabu nchani. Anayefuma kwa sindano mbili hubeba safu nzima ya vitanzi, na sindano moja ikichomoka vitanzi vyote humtoka. Mfumaji wa kroshia huwa na kitanzi kimoja tu kilicho wazi. Akiitwa mlangoni hukivuta kidogo kikawa kirefu, akaiweka kazi, akaenda zake. Ni kazi inayomfaa mtu mwenye chungu motoni na mtoto mgongoni.

Tena ni kazi inayopatana na masalio kwa sababu ya hesabu yake, na hapa naomba univumilie kidogo. Kipande cha mraba huanzia katikati, kwa pete ndogo ya vitanzi. Juu ya pete hiyo hufumwa mafungu manne ya mishono mitatu mitatu, fungu moja kwa kila pembe. Mzunguko wa pili una mafungu 8, wa tatu 12, wa nne 16, wa tano 20. Waona basi kwamba kila mzunguko unahitaji uzi mrefu kuliko uliotangulia, na kwa kiasi kinachojulikana mapema. Uzi mfupi kabisa huingia katikati, ule wa kadiri huzunguka katikati, na mrefu hushika ukingoni. Mama mdogo hakuwa na elimu ya darasani iliyozidi miaka minne, lakini alikuwa akiunyosha uzi kati ya kidole na kiwiko, akasema, "Huu ni wa mzunguko wa tatu," na ukawa wa mzunguko wa tatu.

Hakuuvumbua yeye mtindo huu, wala hakudai hivyo. Mwaka 1885 gazeti la wakulima la Marekani liitwalo Prairie Farmer lilichapisha maelezo ya mraba wa jinsi hii. Huko Uingereza nguo zilipogawiwa kwa vibali kuanzia mwaka 1941 hadi 1949, kwa ajili ya vita na dhiki iliyofuata, wanawake walifumua sweta kuukuu ili kupata uzi wa kufumia nguo nyingine. Kabla ya hapo, katika njaa kuu ya Ireland iliyoanza mwaka 1845 viazi vilipooza mashambani, watawa na mabibi wenye huruma waliwafundisha wasichana maskini kufuma lesi kwa kroshia, na lesi hiyo ikauzwa kwa matajiri, watu wakapata chakula. Hapa Kenya vilabu vya Maendeleo ya Wanawake, vilivyoanza mwaka 1952, vilifundisha kushona na kufuma vijijini.

Hata hivyo Ukambani haukungoja kufundishwa kwamba uzi ni mali. Kiondo kilikuwapo kabla ya sindano yenye kulabu. Wanawake walisokota nyuzi za magome ya mbuyu, na baadaye za mkonge, mmea uliofikishwa Tanga kutoka Amerika mwaka 1893; walizisokota juu ya paja, na wengine walisuka huku wakitembea njiani. Kiondo nacho huanzia katikati ya kitako, kikazunguka na kupanda. Nyuzi za sweta iliyofumuliwa ziliingizwa ndani yake ili kutia rangi. Katika miaka ya 1970 na 1980 viondo vilipendwa sana Ulaya na Marekani, na akina mama wengi walipata karo za watoto kwa njia hiyo. Kisha viwanda vya Asia ya Mashariki viliiga sura yake na kuuza kwa bei ndogo, na aliyekisuka kwa wiki mbili akashindana na mashine isiyochoka.

Kroshia haijaipata ajali hiyo, na sababu yake yafaa uijue. Mashine za viwandani hufuma kwa namna ya sindano mbili, kwa kasi ya kutisha. Kroshia halisi bado hufumwa kwa mkono. Basi ukiona dukani kofia au mkoba wa kroshia halisi, popote duniani, fahamu kwamba mtu alikaa chini akakifuma kitu hicho kitanzi kwa kitanzi. Bei yake ikiwa ndogo mno, si mashine iliyopunguza bei. Ni malipo ya mtu.

Sasa nifike kwenye neno lililonifanya nishike kalamu. Siku moja bwana mmoja mwenye tai, mtu wa heshima zake, alisimama mbele ya mkeka wa mama mdogo palipokuwa na mablanketi mawili. Moja lilikuwa la rangi moja, la uzi mpya wa kununua. La pili lilikuwa la masalio. Akauliza bei, akajibiwa kwamba la masalio ndilo lenye bei kubwa.

"Mama," akasema, "si uliniambia kwamba nyuzi hizi ni za kuokota?"

"Ni za kuokota, bwana. Uzi nimekupa bure. Bei niliyokutajia ni ya mikono."

Yule bwana alicheka, akidhani ni mzaha wa sokoni. Haukuwa mzaha, na kwa kuwa wewe umo darasani na una penseli, fanya hesabu pamoja nami. Blanketi lina vipande 8 kwa 10, yaani 80. Kila kipande kina mafungu 60, na kila fungu mishono 3. Basi kipande kina mishono 180, na blanketi zima mishono 14,400. Hadi hapo mablanketi yote mawili ni sawa. Lakini kipande cha uzi mmoja kina ncha mbili tu za kuficha, ya kuanzia na ya kumalizia. Kwa blanketi zima ni ncha 160. Kipande cha masalio kina rangi tano, na kila rangi ina ncha zake mbili. Blanketi lina ncha 800. Kila ncha hutiwa katika tundu la sindano, ikapitishwa chini ya mishono, ikarudishwa nyuma, ikakatwa. Ongeza siku za kuchambua, kufungua mafundo na kupima.

Mama mdogo aliligeuza blanketi, akampa upande wa ndani. "Nitafutie ncha moja, bwana, nami nitakupunguzia." Aliitafuta kwa muda, kwa vidole na kwa macho, watu wakikusanyika. Hakuiona. Alinunua lile la uzi mpya, kwa kuwa lilikuwa rahisi, akaenda zake na heshima zake. La masalio lilikaa wiki tatu zaidi, mama mdogo asiipunguze bei hata senti, jambo lililoniudhi, maana shule zilikuwa karibu kufunguliwa na viatu vyangu vilikuwa vimepasuka. Likanunuliwa na mwanamke mmoja ambaye hakuuliza habari za uzi. Alilipindua upande wa ndani kwanza, akatikisa kichwa kama mtu anayeijua kazi, akalipa.

Ikiwa unataka kujaribu, msomaji, huna haja ya fundi wa sweta. Sweta kuukuu ya mtumba yatosha, ila chungulia mshono wake wa ndani kabla ya kuinunua. Kama kingo zimekatwa kwa mkasi na kushonwa kwa cherehani, iache, kwa sababu ukiifumua utapata vipande vifupi vifupi vya safu moja moja. Ile ambayo kingo zake hazikukatwa hufumuka kwa uzi mmoja mrefu. Uzungushe uzi huo kwenye mgongo wa kiti, uufunge mahali panne, uuloweshe, kisha uutundike na kitu kizito chini hadi ukauke, nao utanyoka. Ikiwa ni akriliki, usifumie kitambaa cha kushikia sufuria, kwa maana huyeyuka penye moto na kushikamana na ngozi; kazi hiyo yataka uzi wa pamba. Wala usitie katika mraba uzi ambao ncha yake ni fupi kuliko kidole, kwa sababu itachomoka blanketi lifuliwapo mara ya kwanza. Vipande vifupi hivyo mama mdogo alivitia katika mfuko, na mfuko ulipojaa aliushona mdomo, ukawa mto.