Simu ‘isiyoingia maji’ inapokwenda ufukweni na watoto

Jumapili jioni pale Coco Beach, Dar es Salaam, si ajabu kumwona mama amesimama kwenye maji yanayomfika magotini, simu mkononi, akimrekodi mwanawe anayeruka mawimbi. Shangazi wa watoto akipiga kelele kutoka mchangani kwamba simu itazama, jibu liko tayari: “Hii haiingii maji, wifi!”

Jibu hilo lina ukweli, ila si wote.

Kwenye maelezo ya simu kama hiyo huandikwa IP67 au IP68. Ile 6 inahusu vumbi. Tarakimu ya mwisho ndiyo ya maji: 7 maana yake simu imepimwa ikiwa imezamishwa kina cha hadi mita 1 kwa dakika 30. Namba 8 ni zaidi ya hapo, lakini kina na muda vinapangwa na mtengenezaji mwenyewe. Ndiyo maana Samsung Galaxy S7 ya mwaka 2016 iliitwa IP68 kwa mita 1.5, na iPhone 12 ya mwaka 2020 ikaitwa IP68 hiyo hiyo kwa mita 6, zote kwa dakika 30. Namba moja, ahadi mbili tofauti kabisa, na dukani muuzaji hutaja namba tu.

Tena kipimo hicho hufanyika maabara, kwa simu mpya, kwenye maji yasiyo na chumvi na yaliyotulia. Bahari haijatulia. Maji yake yana chumvi, ambayo hupitisha umeme vizuri na kula chuma cha tundu la kuchajia taratibu, hata siku kadhaa baada ya simu kuonekana imekauka. Bwawa la hoteli lina klorini. Beseni la kufulia lina sabuni, na maji ya sabuni hupenya kwenye upenyo mwembamba kuliko maji matupu. Simu inayodondoka kwa kishindo au kuburutwa na wimbi nayo hupata msukumo mkubwa kuliko ile iliyolala kimya ndani ya tanki la maabara.

Kinachozuia maji yasiingie ni vitu vidogo: raba nyembamba na gundi inayozunguka kioo na kidroo cha laini. Gundi huchoka kwa joto, kwa kuanguka na kwa umri. Apple yenyewe inasema kinga hiyo si ya kudumu, na kwamba uharibifu wa maji hauko kwenye dhamana yake. Sasa fikiria simu iliyonunuliwa ikiwa imeshatumika, ikapasuka kioo, ikafunguliwa na fundi kisha ikabandikwa gundi nyingine. Maandishi ya IP68 hayajui imefunguliwa mara ngapi. Kwa simu ya namna hiyo, busara ni kuihesabu kama simu ya kawaida.

Wenzetu wamefikishana mbali kwa jambo hili. Mwaka 2020 mamlaka ya ushindani ya Italia iliipiga Apple faini ya euro milioni 10, sababu mojawapo ikiwa kutangaza uwezo wa kuhimili maji bila kuweka wazi kwamba ni wa mazingira maalumu ya maabara. Mwaka 2022 mahakama ya Australia iliitoza Samsung dola milioni 14 za nchi hiyo. Matangazo yake yalionyesha simu kwenye mabwawa na baharini, wakati tundu la kuchajia lingeweza kuliwa na kutu iwapo simu ingechajiwa kabla ya kukauka. Kampuni ilikiri kuwa wanunuzi walipotoshwa.

Simu ikizama, izimwe, ifutwe, ishikwe tundu likitazama chini na kugongwa taratibu kiganjani ili maji yatoke. Isichajiwe mpaka ikauke kabisa, hata kama usiku utapita bila simu. Na mchele ubaki wa pilau. Apple imeshawaambia wateja wake wasitumie njia hiyo, kwa kuwa chembe zake zinaweza kuingia ndani na kuharibu zaidi.

Kuna hatari nyingine ambayo IP68 haihusiki nayo hata kidogo. Betri ya simu ina volti chache. Umeme wa ukutani ni volti 230. Ulaya wamekufa watu waliokuwa wakichaji simu huku wamo kwenye beseni la kuogea. Huku kwetu mtoto hutulizwa kwa katuni akiogeshwa, simu ikiwa kwenye stuli na waya umetoka kwenye ekstensheni ya sebuleni. Waya huo usifike bafuni, iwe simu ya laki moja au ya milioni tatu.

Lakini simu ikiharibika hununuliwa nyingine. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu wapatao 300,000 walikufa maji mwaka 2021, na karibu robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka 5. Mtoto anayezama mara nyingi hapigi kelele wala hapungi mkono, kwa sababu pumzi ya kuitia hana. Mwaka 2018 waokoaji wa Ujerumani walionya kwamba wazazi wengi wanatazama simu badala ya watoto walio majini.

Zamani simu iliogopa maji, ikabaki kwenye mkoba. Leo inaingia na mama. Kwenye kioo anamwona mtoto anayemrekodi, lakini mdogo wake aliyebaki nyuma yake hamwoni. Isitoshe, kioo chenye matone hakisikii kidole vizuri: anabonyeza, kinakataa, anakifuta kwa kitenge, anabonyeza tena. Sekunde kumi au ishirini zimepita akiwa ameinamisha kichwa.

Picha zipigwe mwanzoni, watoto wakiwa bado wakavu mchangani. Kisha simu apewe anayelinda viatu na maji ya kunywa, na mkubwa anayeingia majini aingie mikono mitupu, akae karibu kiasi cha kumfikia mtoto kwa mkono.