Kabla Homa Haijabisha Hodi Bwenini

Wahenga walinena kwamba kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Walikuwa na vijinga vya moto akilini, si kinga ya tabibu, lakini anayeyajua mabweni ya vyuo vikuu vyetu hatashindwa kuuona ulinganifu. Chumba kilichojengewa wawili hulala wanne. Mmoja akikohoa usiku, watatu wamekwisha kuivuta pumzi yake kabla hajaomba radhi. Na kunapopambazuka wanne hao hutawanyika, huyu maktabani, yule ukumbi wa mihadhara, wengine kwenye foleni ya chai.

Homa kali ya mafua ya mwaka wa 1918, iliyobandikwa jina la Uhispania ingawa haithibitiki kwamba ilianzia huko, iliingia pwani ya Kenya kwa meli, ikapanda bara. Inakadiriwa kwamba ulimwenguni iliangamiza watu wapatao milioni 50. La kutisha zaidi ni kwamba haikuwachagua wazee na watoto pekee. Iliwafyeka kwa wingi watu wa miaka 20 hadi 40, ambao ndio umri wa mwanachuo na mhadhiri wake chipukizi.

Mwanachuo, aidha, ni msafiri. Mgonjwa wa kwanza wa homa ya H1N1 kuthibitishwa nchini Kenya, mnamo Juni 2009, alikuwa mwanafunzi kutoka Uingereza. Wa kwanza wa korona, mnamo Machi 2020, alikuwa mwanafunzi pia, Mkenya aliyerejea kutoka Marekani kupitia London. Hapana lawama katika jambo hili. Elimu husafirisha watu, nao watu husafirisha vijidudu.

Tarehe 15 Machi 2020 serikali iliamuru taasisi za elimu zifungwe, na vyuo vikuu vikapewa hadi tarehe 20 viwe vitupu. Huenda hapakuwa na njia nyingine wakati ule. Hata hivyo, kufunga chuo ghafla bila mpango ni kulihamishia bweni matatuni: kijana aliyeambukizwa bila kujua huketi saa nane bega kwa bega na abiria wenzake, kisha humwamkia nyanya yake kwa mikono miwili. Swali la nani aende, nani abaki, na aliyebaki atalishwa na nani, hujibiwa wakati wa amani. Lisipojibiwa wakati huo, hujibiwa na makondakta.

Wanafunzi wa Kiswahili wana kazi yao hapa, nayo si ndogo. Neno "mafua" hubeba mizigo miwili: kamasi za msimu wa baridi, na maradhi yawezayo kuua. Tangazo likisema tu kwamba mafua yanakuja, litachekwa. Mwaka wa 2009 jina "homa ya nguruwe" liliwaelekeza watu kwenye nyama badala ya kikohozi. "Karantini" nayo, kwa mwana wa mfugaji, ni amri ya kuzuia ng'ombe wasiuzwe. Na "kutengwa" ni adhabu apewayo mwovu kijijini. Ni nani atakayejitokeza aseme anaumwa, ikiwa neno lenyewe linamhukumu? Barakoa pekee ndiyo iliyobahatika: vazi la uso la wanawake wa pwani likapata kazi mpya bila kumtisha mtu.

Halafu kuna wale ambao matangazo ya Kiingereza ubaoni hayawafikii vilivyo: mpishi, mfagizi, mama auzaye ndizi langoni. Kibarua alipwaye kwa siku hatakaa nyumbani kwa sababu ya homa, hata akielezwa kwa Kiswahili sanifu kilichopigwa pasi, maana siku bila kazi ni siku bila unga. Chuo kisichompangia posho ya ugonjwa kijue kwamba atakuja, na atapakua chakula.

Maandalizi yenyewe hayana fahari. Ni vyumba vichache vya kuwauguzia wagonjwa, vyenye madirisha yanayofunguka. Ni tangi lenye maji, kwani ndoo na sabuni bila maji ni pambo la lango. Ni orodha ya kila ghorofa, ikionyesha mwenye pumu, asiye na kwao karibu, na, kando ya kila jina, jina la mwenzake aliyekubali kumwachia uji mlangoni na kugonga mara mbili.