Historia? Utakula wapi?

Mtanisamehe kwa kuadimika. Nilikuwa nahangaika na fomu za kuomba kusoma shahada ya uzamili ya historia pale Mlimani, na wiki iliyopita majibu yametoka. Nimepata!

Nilipomwambia baba alinyamaza kidogo, kisha akauliza: "Historia? Utakula wapi?" Yeye alitaka nisome biashara. Mhariri wangu naye alicheka, akasema gazeti ni la leo, la jana ni la kufungia maandazi.

Niwaambie kilichonisukuma. Babu alifariki mwaka jana. Mimi, ambaye mshahara wangu unatokana na kuuliza watu maswali, sikuwahi kumwuliza habari za 1974, mwaka familia yetu ilipohamishwa na Operesheni Vijiji huko Shinyanga. Baada ya matanga, bibi alianza kusimulia mwenyewe: mtama ulikuwa bado shambani, na uzio wa minyaa aliopanda babu waliuacha umesimama.

Vitabuni nimesoma kwamba mwaka 1967 Mwalimu aliandika kuwa watu wataingia vijiji vya ujamaa kwa hiari. Novemba 1973 kuishi vijijini kukawa amri, na wote walitakiwa wawe wamehamia ifikapo mwisho wa 1976. Walihama mamilioni. Humo bibi ni tarakimu tu.

Lakini bibi huyo huyo anasema bila kijiji kile, baba asingepata shule ya karibu. Sasa niandike lipi? Gazetini nina maneno 300 na nafunga habari saa kumi na moja jioni, kwa hiyo nitachagua moja. Kwenye tasnifu nitalazimika kuyabeba yote mawili.

Wala sianzi mimi. Mwaka 1968 wanafunzi wa historia wa hapo hapo Mlimani walitumwa makwao kuwahoji wazee waliokumbuka Vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907. Wazee wale hawapo tena. Maneno yao yapo.

Ada bado sijui nitaikamilishaje, na baba hajaniuliza tena. Ila bibi anakaribia miaka 80 na masomo hayajaanza. Sitamngoja mhadhiri. Jumamosi napanda basi la Shinyanga, na kinasa sauti nimekitia betri mpya.

Nawe mdau, wa kwenu umeshamwuliza?