Siku tatu Walcott: safari ya dereva asiye na mzigo

Siku mbili kabla ya kuondoka Tanga kwenda Marekani, nilipita Ngamiani kumuaga dada yangu. Alinifungia visheti, kisha akanipa ujumbe wa mdomo kwa mwanawe, ambaye ni dereva wa malori katika jimbo la Ohio. Ujumbe wenyewe ulikuwa mfupi: "Mwambie mama yake bado yu hai."

Dada hakuwa na njaa. Lakini kwa muda wa miezi minane zile dola 400 alizokuwa akiletewa kila mwezi zilikuwa zimepungua hadi 200, na mara nyingine mwezi ulimalizika hazijafika. Nyumba aliyokuwa akijengewa ilikuwa imesimama kwenye lenta. Mtaani watu walikwisha kumpa jibu la fumbo hilo: kijana ameoa huko, amesahau kwao. Nakiri mbele ya msomaji kwamba niliubeba ujumbe ule nikiwa nakubaliana nao.

Nilifika Columbus, mji mkuu wa Ohio, mwezi wa Januari 2024. Mji huu una mojawapo ya jumuiya kubwa za Wasomali nchini Marekani, na mgeni Muislamu hapati tabu kuona msikiti wala bucha la nyama ya halali. Wanaume wengi wa jumuiya hiyo huendesha malori. Mpwa wangu alinipokea kwa shikamoo na kunibusu mkono kama alivyofundishwa madrasa, lakini uso wake ulikuwa umekonda. Nikauweka ujumbe wa mama yake akiba. Siku ya pili aliniambia, "Mjomba, nimepata mzigo wa kwenda Davenport, jimbo la Iowa. Nimekuombea kibali. Twende pamoja ukaione kazi yangu." Huko sheria haimruhusu dereva wa lori la kampuni kuchukua abiria bila idhini ya maandishi.

Lori lile lilikuwa nyumba ndogo. Nyuma ya viti palikuwa na vitanda viwili, kimoja juu ya kingine, jokofu dogo, sufuria ya umeme ya kupikia wali, na mswala uliokunjwa juu ya msahafu. Tulipita Indianapolis, tukashika njia ya kaskazini-magharibi, mashamba ya mahindi yaliyokwisha kuvunwa yakiwa yamelala chini ya theluji pande zote mbili hadi upeo wa macho. Kibla huko ni kaskazini-mashariki. Nasi wa pwani tuliozoea kuelekea kaskazini tunapaswa kujikumbusha kila mara.

Njiani alinifafanulia jinsi dereva anavyolipwa. Halipwi kwa mwezi wala kwa saa. Hulipwa kwa maili, na yeye alikuwa akipata senti 55 kwa kila maili moja. Wiki nzuri alikuwa akiendesha maili 2,800, ambazo ni karibu sawa na kutoka Dar es Salaam kwenda Mwanza na kurudi mara mbili. Wiki hiyo ilimpa dola 1,540 kabla ya kodi. Sasa wiki ya kawaida ni maili 1,500, yaani dola 825, na kodi ya nyumba ya Columbus haijui kwamba maili zimepungua.

"Na saa unazokaa ghalani ukisubiri kushusha?" niliuliza.

"Mara nyingi hizo ni sadaka, mjomba."

Alicheka, nami sikucheka. Sheria ya Marekani ya mwaka 1938 inayowapa wafanyakazi malipo ya ziada wanapopitisha saa 40 kwa wiki iliwaacha nje madereva wa aina yake. Wakati huohuo kifaa cha kielektroniki kilichofungwa ndani ya lori humhesabia kila dakika. Haruhusiwi kuendesha zaidi ya saa 11, nazo lazima ziishe ndani ya saa 14 tangu aanze kazi, kisha apumzike saa 10. Akikwama ghalani saa tano, hawezi kuzifidia usiku.

Chanzo cha uhaba huu si uvivu wa mtu. Wakati wa korona, mwaka 2020 na 2021, Wamarekani waliokaa majumbani walinunua samani, vyombo na mashine kwa wingi, nauli za mizigo zikapanda, na watu wengi wakakimbilia kununua malori. Mwaka 2022 mambo yakageuka. Maghala yalijaa bidhaa zisizonunuliwa, maagizo yakapungua, na malori yakawa mengi kuliko mizigo. Nauli zilishuka huku bei ya dizeli, mwezi Juni mwaka huo, ikipita dola 5 kwa galoni. Katika kiangazi cha 2023 kampuni ya Yellow, iliyokuwa ikikaribia umri wa miaka 100, ilifunga milango na watu wapatao 30,000 wakapoteza kazi. Aliyebaki na usukani mkononi alijiona ana bahati, hata kama usukani wenyewe haukuzunguka sana.

Tulishusha mzigo Davenport, kisha tukaenda kuegesha Walcott, kijiji kidogo kando ya barabara kuu namba 80. Hapo pana kituo kinachojiita kikubwa kuliko vyote duniani kwa malori. Kilifunguliwa mwaka 1964 na kina nafasi za malori zipatazo 900. Kina mikahawa, mabafu, kinyozi, daktari wa meno na jumba la makumbusho ya malori ya kale. Ni mji usio na wenyeji, kwa maana kila aliyemo ni mpita njia.

Tulidhani tutalala usiku mmoja. Asubuhi mpwa aliandika ujumbe kwa dispacha, yule mtu wa ofisini anayegawa safari. Jibu likaja: hakuna mzigo, subiri. Adhuhuri, subiri. Jioni, subiri. Nje baridi ilishuka chini ya nyuzi 20 za hasi, na upepo ulisukuma theluji kati ya magurudumu. Siku ya pili ikawa kama ya kwanza, na ya tatu kama ya pili.

Katika siku hizo nilijifunza namna wanaume wale wanavyoishi na uhaba. Mpwa hakula mkahawani hata mara moja; alipika wali na maharage ndani ya lori, na kuku wa halali alimtoa Columbus akiwa amegandishwa. Hakugombana na dispacha. Alimjulisha mapema saa alizobakiwa nazo na mahali alipo, akakubali hata safari za Jumamosi na za majiji ya mashariki ambazo wengine huzikimbia kwa foleni zake. Pale tulikutana na Msudani mmoja mwenye lori lake mwenyewe. Yeye alikuwa akiendesha taratibu kuliko sheria inavyomruhusu, ili dizeli imfikishe mbali zaidi, na hakuchukua mzigo wa dalali kabla ya kupiga hesabu kama nauli italipa mafuta ya kwenda na ya kurudi tupu. Alikuwa amelinunua lori lake mwaka 2021, bei ilipokuwa juu mno, kwa mkopo wa riba. "Lori limesimama," alituambia, "lakini riba haisimami."

Lilizuka pia suala la sala. Je, mtu aliyekaa siku tatu mahali pamoja bado ni msafiri wa kupunguza rakaa? Mpwa alikuwa amekwisha kuuliza wanazuoni. Katika madhehebu ya Imam Shafi, tuliyolelewa nayo wengi wa pwani, msafiri akinuia kukaa mahali siku nne kamili, bila kuhesabu siku ya kuingia na ya kutoka, hukumu ya safari humwondoka. Lakini asiyejua ataondoka lini, anayetaraji haja yake itimie leo au kesho, huruhusiwa kupunguza hadi siku 18. Imam Abu Hanifa hakumwekea mtu wa namna hiyo kikomo cha siku. Na imepokewa kwamba Abdullah bin Umar, Allah amridhie, alizuiwa na theluji huko Azerbaijan miezi sita, akawa anasali sala ya msafiri.

Tulikuwa tumekaa ndani ya lori, theluji ikigonga kioo, mpwa akasema, "Umeona, mjomba? Ofisini, lori likisimama mimi si msafiri, ndiyo maana silipwi. Lakini kwa Mwenyezi Mungu anayesubiri bado yumo safarini."

Usiku wa tatu nikampa ujumbe wa mama yake. Alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akafungua simu yake akanionyesha hesabu. Zile dola 200 nilizoziona Tanga kuwa ni dalili ya kusahau, miezi mitatu kati ya minane hakuwa nazo kabisa. Alizikopa kwa kadi ya benki, na kadi ile ina riba. Deni lilikuwa limefika dola 900. Kijana aliyehifadhi juzuu kumi akiwa na miaka kumi na mbili alikuwa ameingia katika jambo analolijua hukumu yake, ili tu mama yake asijue kwamba barabara imekauka.

"Kwa nini hukusema?"

"Ningesema nini? Nyumbani wanaona picha ya lori hili, na ukubwa wake wanadhani ni wangu."

Nilikosa la kumjibu, kwa kuwa picha ile hata mimi nilikuwa nayo, na harusi ya mwaka juzi nilimtajia mchango bila kumuuliza hali.

Asubuhi ya siku ya nne ulikuja mzigo: kutoka Davenport hadi Cedar Rapids, maili 80. Dola 44, baada ya siku tatu za kungoja. Aliuchukua na kusema alhamdulillah, na sikusikia kejeli katika sauti yake.

Tuliposhusha Cedar Rapids tuliegesha lori, tukakodi teksi, akanipeleka mahali alipokuwa akitaka nipaone. Katika mtaa wa nyumba za kawaida kuna jengo dogo la mbao, lenye kuba dogo juu ya mlango, ambalo ukilipita haraka utadhani ni darasa la zamani. Huo ndio msikiti unaoitwa Mama wa Misikiti ya Amerika. Ulikamilika mwaka 1934, na katika majengo yaliyojengwa makusudi yawe misikiti nchini Marekani na ambayo bado yamesimama, huo ndio mkongwe kuliko yote.

Waliojenga ni wahamiaji kutoka nchi za Sham, ambazo leo ni Lebanon na Syria. Wengi wao walianza kama wachuuzi waliotembeza bidhaa kutoka shamba hadi shamba, ndipo wakafungua vijiduka. Tuutazame mwaka huo wa 1934. Marekani ilikuwa katikati ya mdororo mkubwa wa uchumi ulioanza 1929. Mabenki yalikuwa yameanguka na wakulima wa Iowa walikuwa wakipoteza mashamba yao. Mchuuzi anayemuuzia mkulima aliyefilisika naye ana rizki gani? Hata hivyo, katika miaka hiyo ndipo walipojichangisha. Baadaye jumuiya ilikua, ikajenga kituo kikubwa zaidi mwaka 1971 na kuliuza jengo hili la mwanzo. Likapita katika mikono mingine, likawa hata kanisa, mpaka Waislamu waliponunua tena mwaka 1990 na kulirudisha katika ibada.

Tulisali adhuhuri na alasiri, kwa kupunguza na kukusanya. Baada ya dua mpwa alitoa simu. Kwetu Tanga ilikuwa saa tatu na nusu usiku. Alimwamkia mama yake, kisha akamweleza yote: maili, senti 55, siku tatu za Walcott, kadi na riba. Alieleza polepole, akitazama zulia. Nami nilikaa kando nikisikia kimya cha dada yangu kutoka upande wa pili wa dunia.

Dada hakulia. Aliuliza jambo moja: "Unakula?" Alipojibiwa ndiyo, akasema nyumba ikae kwenye lenta mpaka Mungu atakapoleta kheri, na asitume hata senti kabla ya kulimaliza lile deni. Kisha akaomba kusema nami, na kwangu alikuwa mkali. "Nilikupa ujumbe mbaya," alisema. "Kwa nini hukunikataza?"

Siku ile jioni mpwa alipata mzigo wa kurudi Ohio. Nilipiga hesabu ya wiki nzima: maili 1,130, dola 621 na nusu kabla ya kodi. Columbus, madereva wenzake wa msikitini wana upatu wao usio na riba. Walipojua habari ya kadi, walikubaliana yeye apokee kwanza zamu iliyofuata. Angeweza kuwaambia tangu mwanzo, lakini aliona haya kwao pia.

Nimerudi Tanga na haya machache kwa familia za wasomaji. Wapo vijana wetu wengi barabarani, Marekani na kwingineko, ambao rizki yao inapimwa kwa umbali. Uhaba wa mizigo hawakuuleta wao, na kumfunga ngamia kabla ya kutawakali ni pamoja na kusema ukweli wa hali yako kwa watu wako. Nasi tulioko nyumbani, fedha zikipungua, tuulize afya na kazi kabla ya kuuliza kiasi. Swali alilouliza dada yangu mwisho ndilo alilopaswa kulitanguliza, nami nilipaswa kulipeleka badala ya ule ujumbe.

Nyumba ya Ngamiani bado iko kwenye lenta. Deni la riba limekwisha, alhamdulillah. Visheti tulivimalizia Walcott, usiku wa pili wa theluji.