Daraja la sentimeta hamsini

Wenzetu katika kijitabu hiki wanaandika juu ya ngoma, mahari na miiko ya wazee. Sisi tunaleta mchezo wa waya. Mtoto wa Kikula, Panda ao Shituru ambaye hakutengeneza gari ya waya, huyo alikulia wapi? Tena hapa Likasi gari haikutosha. Tulitaka treni, na treni inadai daraja.

Reli ilifika Élisabethville mwaka 1910, Kambove mwaka 1913, Bukama mwaka 1918. Baba zetu wengi walikula mukate wake. Kwa hiyo tangu utoto tuliangalia madaraja sawa vile wengine wanaangalia makanisa, na tulipokuwa watu wazima tukaamua kutengeneza moja kwa vipimo vya kweli, la beton, yaani zege.

Hapo ndipo ugomvi ulianza. Muzee mmoja, mustaafu wa reli, alitaka daraja la Lufira, lile lililovunjwa mwishoni mwa 1962, siku chache mbele ya askari Wahindi wa ONU kuingia Jadotville tarehe 3 Januari 1963. Alituambia: "Juu ya nini munaenda kutafuta ya bengine? Ya kwetu iko, na iko na habari!" Alikuwa na haki. Lakini sisi tulikuwa tumekwisha kupenda daraja la mto Mpanga, kule Tanzania, kwenye reli ya TAZARA ambayo Wachina, Watanzania na Wazambia waliijenga kati ya 1970 na 1975. Nguzo zake tatu zina urefu wa mita 50. Sehemu ile, toka Mlimba mpaka Makambako, ni milima na mabonde tu. Ndiyo iliyowatesa wajenzi kuliko zote. Tukamujibu muzee kwamba Mpanga nayo ni ya kwetu kidogo: upana wa reli ni ule ule wa milimita 1067, na wago ya shaba inaweza kutoka Likasi, ipite Sakania na Kapiri Mposhi, ifike Dar es Salaam bila kubadilisha magurudumu. Akanyamaza. Kesho yake alikuja na mbao za kofraji.

Tulipunguza kila kitu mara mia moja. Nguzo ya mita 50 ikawa sentimeta 50, reli ikawa sentimeta moja na kidogo. Muchanga tuliuchuja kwa kipande cha chandarua, maana kokoto ndogo ya kweli, katika kipimo kile, ni jiwe kubwa kama nyumba. Mbao tulizipaka mafuta ya injini yaliyochakaa, beton isigande nazo. Kisha tukamwaga, tukafunika na magunia yenye maji. Kungoja njo kazi kubwa. Kila asubuhi mmoja wetu alitaka kufungua, na muzee alikuwa anapiga kelele: "Muache! Haiyakomaa!"

Nguzo zilitoka vizuri. Sakafu ya juu, hapana. Tuliweka tofali moja katikati, ikapasuka kwa chini, pa! Muzee hakucheka. Alieleza kwamba beton inavumilia kukandamizwa, lakini kuvutwa haivumilii, na mbao yoyote ikibeba uzito inavutwa upande wa chini. Daraja la Glenfinnan, kule Scotland, lina matao 21 ya beton tupu bila chuma, na lingali limesimama tangu mwisho wa karne ya 19, kwa sababu tao linakandamizwa tu. Sakafu iliyonyooka, lazima chuma. Basi tukarudi kwa waya wetu wa utoto, tukaupanga chini chini ndani ya kofraji, tukamwaga upya. Mara hii ilibeba tofali nne.

Ikabaki treni. Tuna moja, ya waya na mikebe ya sardini, imekaa juu ya kabati miaka mingi. Aliitengeneza rafiki yetu wa jirani. Mwaka 1993, wakati Wakasai walipofukuzwa na familia nyingi zililala ku gare ya Likasi zikingoja treni, alituachia kwa sababu mikono yake ilikuwa imejaa vyungu vya mama yake. Hatukumuona tena.

Treni yake ina upana wa sentimeta saba. Aliitengeneza kwa macho, hakupima kitu. Haiwezi kupita juu ya daraja letu. Wamoja wanasema tuvunje sakafu, tumwage nyingine pana, vipimo viende vyao. Wengine wanasema daraja likisema uongo si Mpanga tena. Muzee anasema tuiweke chini, kati ya nguzo, kama inangoja zamu. Tumezozana juu ya jambo hili toka Pasaka, na kofraji bado tumeiegemeza ukutani.